Je, wajua kwa nini kivinjari hukataa cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wa seva) chenye jina sahihi?

Tuseme kliniki moja mjini Kisumu ina seva ya maabara, maabara.kliniki.internal, na fundi wao ameitolea cheti kwa mamlaka yao wenyewe ya ndani ya kutoa vyeti (CA). Jina limeandikwa barabara, lakini Chrome inagoma: NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID.

Tangu toleo la 58 la mwaka 2017, Chrome haisomi tena jina lililo kwenye CN (Common Name, sehemu ya cheti ya jina la mwenyewe). Inatafuta kiendelezi, yaani sehemu ya ziada ya cheti, cha subjectAltName, chenye orodha ya majina na anwani za seva, na kisipokuwepo, haina habari na CN.

Mara nyingi fundi alikiomba kiendelezi hicho kwenye ombi la cheti (CSR), kikapotea wakati mamlaka inapolitia sahihi. Amri ya openssl x509 -req hainakili viendelezi vya ombi mpaka iamriwe. Inaudhi, ila ina sababu: mwombaji anaweza kujiandikia CA:TRUE, yaani kwamba naye ni mamlaka ya vyeti, na ukimtilia sahihi bila kutazama, seva yake nayo inaanza kutoa vyeti. Kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni anayetia sahihi. Mamlaka zinazopokea maombi mengi humwachia kazi hiyo programujalizi ya sera: kila ombi hupitia kwake, nayo hulikubali, hulikataa au hulisubirisha, na huongeza au hufuta viendelezi. Yote hayo hufanyika kabla ya sahihi, kwani ukigusa hata baiti moja baadaye, sahihi imeharibika.

Kliniki haihitaji makubwa hayo. Faili moja, sera.cnf, inatosha:

basicConstraints=critical,CA:FALSE
keyUsage=critical,digitalSignature
extendedKeyUsage=serverAuth
subjectAltName=DNS:maabara.kliniki.internal,IP:192.168.10.5

Kisha:

openssl x509 -req -in ombi.csr -CA ca.crt -CAkey ca.key -CAcreateserial -days 397 -sha256 -extfile sera.cnf -out seva.crt

Neno critical si la mapambo: programu isiyokielewa kiendelezi chenye alama hiyo lazima ikikatae cheti chote. Kosa ninaloliona la kawaida zaidi ni anwani ya IP kuandikwa baada ya DNS: badala ya IP:, na anayefungua seva kwa namba anakwama. Siku za uhai wa cheti (-days) nazo zina mpaka; iPhone hukataa cheti cha seva kinachozidi siku 825.

Kabla ya kukipeleka kwenye seva, kikague:

openssl x509 -in seva.crt -noout -ext subjectAltName

Majina yakionekana na Chrome bado inagoma kwa ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, hilo ni jambo jingine: ca.crt, cheti cha mamlaka yenyewe, hakijasakinishwa kwenye kompyuta ya mtumiaji.