Akili inavyojifunza njia ndani ya mzingile

Mtazame mtu aliyefungwa macho kwa kitambaa, kijiti mkononi, akifuata mfereji mwembamba uliochongwa kwenye ubao: huo ni mzingile, njia yenye kona nyingi na vichochoro vya kupotezea. Raundi ya kwanza anaingia karibu kila uchochoro usiopenya. Akirudia, makosa yanapungua, ila si kila mahali kwa kasi moja: kona za mwanzo na za mwisho kwa kawaida huzishika mapema, huku za katikati zikiendelea kumsumbua. Muulize anakumbukaje. Mmoja anajisemea moyoni “kulia, kulia, kushoto”, mwingine anajichorea picha kichwani, wa tatu anauachia mkono wenyewe. Katika mzingile wa aina hii, anayejisemea maneno ndiye mara nyingi hutangulia.

Majaribio ya mapema ya mizingile yalifanywa kwa panya. Mwaka 1901 Willard Small, wa Chuo Kikuu cha Clark nchini Marekani, alieleza jinsi panya walivyojifunza mzingile uliofuata ramani ya ule ulio katika bustani ya Hampton Court, kasri la kifalme huko Uingereza. Naam, panya walipewa bustani ya wafalme.

Jaribio ninalolipa uzito zaidi ni la Edward Tolman na Charles Honzik, la mwaka 1930. Kundi moja la panya lilizurura mzingileni siku 10 bila kukuta chakula mwishoni, na lilionekana kama halijifunzi chochote. Siku ya 11 chakula kikawekwa. Kesho yake makosa yao yalishuka ghafla, wakawafikia wenzao waliokuwa wakilishwa tangu siku ya kwanza. Kumbe walipokuwa wakizurura walikuwa wanajifunza. Tolman alishikilia kwamba mnyama, na binadamu pia, hujijengea ramani akilini.

Ramani hiyo inategemea sana hipokampasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo. Mgonjwa aliyejulikana kama H.M. alipoteza sehemu yake kubwa, kushoto na kulia, katika upasuaji wa kifafa mwaka 1953. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa mzingile wa ubaoni. H.M. alijaribu mara 215 bila makosa kupungua. Lakini mtu huyohuyo, akichora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, aliboreka siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwa amewahi kuichora. Kwa hiyo mkono unaweza kujifunza bila ramani.

Siku hizi watu hutembezwa kwenye mizingile ya kompyuta, na hapo tofauti hujitokeza waziwazi. Wapo wanaoshika alama, mlima kule, mti huku. Wapo wanaohesabu: njia ya tatu kutoka pale nilipoanzia. Ukiziondoa alama, wanaohesabu wanapita bila shida na wenzao wanababaika. Ukizirudisha, kisha ukawaanzisha mahali pengine, wanaopotea ni wale waliohesabu.