Je, wajua kwa nini maji ya makorongo ya Karijini ni baridi ilhali nchi yote inaungua?

Msafiri anayeendesha gari kutoka Perth kuelekea kaskazini kwa takriban kilomita 1,400 huingia Karijini, hifadhi ya taifa iliyo katika eneo la Pilbara huko Australia Magharibi, akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Hushuka korongo la Hancock na kufika pembamba ambapo hulazimika kusonga mbele kwa kukita mkono na mguu kila upande wa ukuta, kisha hujitosa katika bwawa la Kermits na kutoka meno yakigongana. Mwamba unaomzunguka ni matabaka ya chuma na silika yaliyotuama chini ya bahari yapata miaka bilioni 2.5 iliyopita. Swali letu linahusu baridi.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba maji hayo yanatoka chini sana ardhini. Si jibu la kipuuzi, kwa kuwa chemchemi zipo kweli, na maporomoko ya Fortescue katika korongo la Dales hutiririka mwaka mzima kwa sababu yake. Hata hivyo, maji ya ardhini yasiyo ya kina kirefu huwa na joto linalokaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali hapo, ambao kwa Pilbara ni takriban nyuzijoto 25, na ukizidi kuchimba joto huongezeka, kwa kawaida nyuzijoto 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Mwenye shaka na aende kwenye chemchemi za Zebedee, katika eneo la Kimberley kaskazini zaidi, ambako maji yanayopanda kutoka kina kirefu kupitia ufa wa mwamba hutoka yakiwa na nyuzijoto 28 hadi 32. Kina cha ardhi, basi, hupasha maji, hakiyapozi.

Kinachopoza kiko juu. Katikati ya Juni, jua la adhuhuri Karijini hufikia digrii 44 tu juu ya upeo wa macho, hivyo katika mpasuko mwembamba uliolala mashariki-magharibi miale huishia juu ya ukuta wa kusini bila kugusa maji. Usiku wa majira hayo joto la hewa huweza kushuka chini ya nyuzijoto 10. Maji yaliyopoa juu huwa mazito, huzama, na kubaki chini, kwa kuwa hakuna jua la kuyapasha wala upepo wa maana wa kuyakoroga.

Zaidi ya hayo kuna mvuke, na hapa mtungi wa udongo unaeleza vizuri kuliko kitabu. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, hukauka kwenye ngozi ya nje, na kila tone linaloondoka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Gramu 1 ikigeuka mvuke hubeba joto linalotosha kupoza karibu gramu 580 kwa nyuzijoto 1. Ndiyo maana mtungi hufanya kazi vyema zaidi penye hewa kavu. Hewa ya nyuzijoto 38 yenye unyevu wa asilimia 15 inaweza, kwa njia hii, kupoza maji yaliyo kivulini hadi karibu nyuzijoto 20. Ndani ya korongo, ambako hewa hutulia na kushika unyevu, nguvu hiyo hupungua, kwa hiyo mchango wa mvuke na ule wa usiku wa baridi hutofautiana bwawa kwa bwawa.

Mvuke huo haumbagui muogeleaji. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kwa kasi kuliko hewa, na anayeendelea kutembea kivulini akiwa na nguo zilizolowa huzidi kupoa hata baada ya kutoka majini. Kwa sababu hiyo wageni wa Karijini huonywa kuhusu joto la mwili kushuka kupita kiasi, katika nchi ambayo huko juu, mita mia moja tu kutoka hapo, hatari kubwa ni kiharusi cha joto.