Rangi kali haina kosa, kosa ni kipimo

Nguo ya pinki iliyokolea ikikaa kabatini na lebo yake mwaka mzima, lawama zote huiangukia rangi: haijanipenda, inapiga kelele, inataka mtu mweupe, inataka mtu mwembamba. Ukichunguza, rangi mara nyingi haina hatia. Kilichoharibu ni ukubwa wa eneo ililochukua mwilini, kitambaa kilichoibeba, au nguo iliyowekwa jirani yake. Majira ya kuchipua huanika makosa haya kuliko majira mengine, kwa sababu makoti mazito yaliyokuwa yakificha kila kitu yametoka, na mtu amebaki na matabaka mepesi anayovaa na kuvua mara tatu kwa siku.

Jina la rangi ndilo tunalolitazama kwanza, nalo ndilo lenye msaada mdogo. Vya maana zaidi ni viwili: uzito wa rangi, yaani iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi, na kukolea kwake. Njano na zambarau zinaweza kukolea sawasawa, lakini njano ni nyepesi na zambarau ni nzito, ndiyo maana zikivaliwa pamoja kila moja hukaa mahali pake. Nyekundu na kijani zenye uzito mmoja ni habari nyingine: pale blauzi inapokutana na sketi, mstari huonekana kama unatetemeka na jicho huchoka upesi. Kupima ni rahisi. Laza nguo mbili pamoja, zipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zote mbili zikitokea kijivu kilekile, usiitupe rangi, badilisha uzito wake: kijani kiwe chepesi zaidi au kiwe cheusi zaidi, nyekundu ibaki ilivyo. Pinki na nyekundu nimezisamehe kipimo hiki. Ni ndugu, zinakaa benchi moja bila ugomvi.

Rangi jirani pia hubadilishana sura. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika karakana ya kufuma mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, alilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1839. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zimefifia. Alipozilinganisha na za kwingine hakuona upungufu wowote. Zilizoziponza ni bluu na zambarau zilizowekwa kando yake. Kwenye mavazi mambo ni yaleyale. Suruali ya kijivu chini ya sweta ya rangi ya chungwa huanza kuonekana ya bluu kidogo. Chini ya sweta ya kijani huvuta kwenye wekundu. Na nyeusi, ambayo watu huikimbilia ili "kutuliza" rangi kali, hufanya kinyume: huifanya iwake zaidi. Mwenye hofu ya rangi angefanya vizuri kuiweka na bluu nzito, kaki, maziwa, kahawia ya ngamia au jinzi ya kawaida.

Kuhusu kiasi, ninachokataa kabisa ni nusu kwa nusu. Blauzi ya rangi moja kali inayoishia katikati ya mwili na sketi ya rangi nyingine kali inayoanzia hapo humkata mtu vipande viwili vilivyo sawa. Gawa kwa theluthi: theluthi moja kali na mbili tulivu, au mbili kali na moja tulivu. Ukichomeka blauzi ndani ya suruali ya kiuno cha juu, tayari umeupata mgawo huo bila kununua chochote. Anayeanza aanze na suruali au sketi, si blauzi, kwa kuwa iko mbali na uso. Ukitaka rangi irudiwe, irudie mara moja tu, mahali padogo. Hereni, mkanda, mkoba na viatu vyote vikiwa kijani kimoja, hiyo si mitindo tena, ni sare.

Karibu na uso kuna jambo ambalo kioo cha chumbani hakionyeshi vizuri. Kitambaa kikali hurudisha mwanga wa rangi yake kwenye ngozi. Simama dirishani mchana, taa zikiwa zimezimwa, uso ukiwa hauna vipodozi, na uiweke nguo chini ya kidevu. Usiiangalie nguo. Tazama chini ya kidevu, pembeni mwa pua na chini ya macho. Kijani cha limau huacha kivuli cha kijani kwenye taya, na ndicho kinachomfanya mtu aonekane kama ameamka na homa. Tiba yake ni umbali: shingo iliyo wazi ya umbo la V, au kola ya shati jeupe au la rangi ya maziwa ikae kati ya ngozi na ile rangi. Kitambaa nacho kina sehemu yake. Satini hurudisha mwanga mwingi, kitani na pamba isiyong'aa hurudisha kidogo, kwa hiyo rangi iliyokukataa kwenye satini inaweza kukupenda kwenye kitani. Orodha zinazogawa watu kwa ngozi na kuwapa rangi za kuvaa na za kukoma siziamini sana. Dirisha linasema ukweli zaidi.

Sasa matabaka. Asubuhi nyuzi joto 9, mchana nyuzi joto 18, jioni upepo. Chukua mfano huu: suruali ya bluu iliyokolea, fulana ya rangi ya maziwa, kardigani ya rangi ya chungwa, koti jepesi la kaki. Asubuhi koti limefungwa, inaonekana bluu chini na ukingo wa chungwa shingoni. Koti likivuliwa, bluu na chungwa zinakutana zikiwa na uzito tofauti. Kardigani nayo ikivuliwa, bluu na maziwa bado ni mavazi kamili. Ndivyo inavyotakiwa: kila hatua isimame yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, jitazame mara tatu, si mara moja. Kinachoharibika mara nyingi ni koti kali juu ya gauni la maua makali. Koti likifungwa, sentimita 20 za gauni hubaki zikining'inia chini, zikionekana kama kitu kilichosahauliwa. Koti la namna hiyo linataka gauni fupi kuliko lenyewe, au gauni tulivu. Na nguo yenye maua ikitafutiwa mwenzake wa rangi moja, chagua rangi iliyochukua nafasi ndogo kuliko zote kwenye maua hayo. Ile kubwa hufanya mavazi yazame.

Usijaribu kulinganisha nguo mbili za rangi ya chungwa zilizonunuliwa siku tofauti. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa za duka na kutofautiana kabisa juani, kwa sababu zimetengenezwa kwa mchanganyiko tofauti. Tofauti ndogo huonekana kama kosa. Zitofautishe kwa hatua mbili zilizo wazi, itaonekana umekusudia. Jasho nalo linasomeka sana kwenye pamba ya rangi moja yenye uzito wa kati, hasa kijivu na samawati. Maua hulificha. Chini ya blauzi nyepesi, sidiria iwe ya rangi ya ngozi yako, si nyeupe.

Kufua ndiko kunakoua nguo hizi mapema. Pamba inapotiwa rangi, sehemu ya rangi hushika nyuzi na sehemu hubaki juu juu bila kushikana na kitu. Hiyo iliyobaki ndiyo inayochuja kwenye maji ya mwanzo. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, usugue mshono wa ndani mara 10. Kikipata rangi, ifue nguo peke yake mara 3 za kwanza, ndani nje, maji yasizidi nyuzi joto 30, na uitoe mara tu mashine inapomaliza, maana nguo mbichi zilizorundikana hupakana rangi zikiwa zimetulia tu. Chumvi na siki havifungi rangi ya nguo iliyokwisha kutengenezwa. Chumvi hutumika wakati wa kutia rangi pamba, ndani ya pipa, si baada ya hapo, na siki ina kazi kwenye aina ya rangi za sufu na hariri. Nguo nyeupe ikishapakwa, usiikaushe wala kuipiga pasi. Irudishe majini papo hapo ikiwa bado mbichi, kwa maji mengi.

Sabuni nyingi za unga za nguo nyeupe zina viambato vya kung'arisha ambavyo huitia pinki nyepesi ubluu na kupausha rangi nzito. Tumia sabuni ya maji iliyoandikwa ya nguo za rangi. Anika kivulini, ndani nje, na kabati lisipigwe na jua la dirishani: mabega ya nguo zilizotundikwa hupauka kwanza, na rangi iliyopauka begani hairudi.

Jinzi mpya nyeusi au ya bluu nzito iweke mbali na koti la njano kwa wiki za mwanzo. Rangi yake hukaa juu ya uzi, na hutoka kwa msuguano mkavu, bila tone la maji. Utaiona kwanza kwenye pindo la koti, pale linapogusa nyonga, na kwenye upande wa mkoba unaotazama mwili.