Maji ya bahari hayatibu saratani

Utamsikia mtu hapa Mombasa akisema: wanasayansi wamepata dawa ya saratani baharini, basi mteremshie mgonjwa chupa ya maji ya bahari kutoka ufuo wa Mama Ngina. Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili ni hatari.

Chukua trabektedini, dawa mojawapo ya saratani iliyotoka baharini. Ilipatikana kwa kiumbe wa Karibiani anayeota kwenye mizizi ya mikoko, na baadaye ikabainika kwamba watengenezaji hasa ni bakteria wanaoishi ndani yake. Tani nzima ya viumbe hao hutoa takriban gramu moja tu! Ndiyo maana leo hutengenezwa kiwandani, hupimwa kwa miligramu na kuingizwa mshipani kwa dripu, huku damu na ini vikichunguzwa, kwani ni sumu kali. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2007, tena kwa saratani chache tu. Nyingine, marizomibu, ya bakteria wa matope ya bahari, iling'ara maabara lakini haikurefusha maisha ya wagonjwa wa uvimbe wa ubongo.

Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mgonjwa aliyedhoofika atatapika, ataishiwa maji, na figo zake zitaumia. Jamani, msimnyweshe.