Ruwaza ya Mtazamaji katika Python: Kazi Iko kwenye Kujiondoa

Katika ruwaza ya mtazamaji, mojawapo ya njia zinazojulikana za kupanga msimbo wa programu, kitu kimoja hutunza orodha ya wanaotaka kujua hali yake inapobadilika, na huwaarifu bila kujali ni akina nani. Tuchukue klasi (kiolezo cha kuundia vitu) ya Akaunti ya fedha za simu: salio likibadilika, sehemu moja ya programu humtumia mteja ujumbe mfupi na nyingine huonyesha upya skrini, ilhali Akaunti yenyewe haina mstari hata mmoja unaozitaja. Kwa kuwa funksheni katika Python huweza kuwekwa kwenye orodha kama thamani nyingine yoyote, sioni haja ya kuunda klasi maalumu ya Mtazamaji.

```
def jiandikishe(self, f):
    self.watazamaji.append(f)
    return lambda: self.watazamaji.remove(f)

def arifu(self):
    for f in list(self.watazamaji):
        f(self.salio)
```

Nakala inayotengenezwa na `list` si pambo. Bila hiyo, mtazamaji akijiondoa wakati anaarifiwa, waliobaki husogea nafasi moja mbele na anayemfuata hurukwa kimyakimya. Katika hali kama hiyo lugha ya Java kwa kawaida husimamisha kazi kwa kutoa hitilafu iitwayo `ConcurrentModificationException`, jambo ambalo kwangu ni la kiungwana zaidi, kwani hitilafu inayoonekana hurekebishwa mapema.

Suala zito zaidi ni kumbukumbu ya kompyuta. Akaunti inayoshika methodi ya skrini (funksheni iliyo mali ya kitu hicho) huwa imeishika na skrini yenyewe, kwa hiyo skrini iliyofungwa bila kujiondoa haitafutwa maadamu akaunti ipo, na itaendelea kuarifiwa. Wengi hukimbilia marejeo dhaifu ya moduli ya `weakref`, yaani yale yasiyozuia kitu kufutwa, lakini kila unapoandika `skrini.onyesha`, Python huunda kitu kipya cha methodi, nacho kisiposhikwa na kingine hufutwa papo hapo, hata mtazamaji akatoweka kabla ya taarifa yake ya kwanza. `WeakMethod`, iliyoongezwa katika toleo la 3.4, huliepuka hilo kwa kuiunda methodi upya kila inapohitajika, mradi mwenye methodi bado yupo. Funksheni isiyo na jina (`lambda`), hata hivyo, haisaidiki kwa njia hiyo, kwa kuwa haina mwenye.

Ndiyo maana napendelea `jiandikishe` irudishe funksheni ya kujiondolea: anayejiandikisha hukabidhiwa mlango wa kutokea papo hapo, na msomaji wa msimbo huona ni nani anayewajibika kuutumia.