Mtoto Aone Mstatili Kabla ya Kukariri Jedwali

Katika kazi yangu ya kuwanoa walimu wa hisabati wa shule za msingi hapa Mbeya, huwa nasisitiza kwamba mtoto aione maana ya kuzidisha kabla ya kuimba jedwali. Mafungu ya vizibo vya soda yanafaa kwa kuanzia, kwa kuwa yanaonyesha wazi kwamba 3 × 4 ni kujumlisha 4 mara tatu. Hata hivyo, mafungu matatu ya vizibo vinne hayafanani kwa macho na mafungu manne ya vizibo vitatu, na mtoto hana sababu ya kuamini kwamba idadi ni ileile.

Safu ndizo zinazomaliza shaka hiyo. Chukua trei la mayai 30 kama yanayouzwa sokoni Mwanjelwa: lina safu 5 zenye mayai 6 kila moja, na ukilizungusha robo mzunguko unapata safu 6 zenye mayai 5, bila yai kuongezeka wala kupungua. Mtoto aliyelizungusha kwa mikono yake anajua kwamba karibu nusu ya jedwali hahitaji kuikariri upya.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba safu zinagawanyika. Anayesahau 7 × 8 apange safu 7 za vizibo 8, kisha alaze penseli chini ya safu ya tano: juu kuna 40, chini kuna 16, jumla 56.

Kwa namba kubwa, vizibo vinapisha mstatili uliochorwa kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Wanafunzi wengi hukokotoa 12 × 14 kwa kuzidisha 10 kwa 10 na 2 kwa 4, wakapata 108. Kuwaambia tu kwamba wamekosa hakuwasaidii. Wachore mstatili wa miraba 12 kwa 14, waukate kwenye 10 kila upande, na wapake rangi sehemu walizohesabu. Hapo watakuta sehemu mbili zimebaki nyeupe, moja ya miraba 40 na nyingine ya 20, na jibu sahihi ni 168.

Miraba iondolewe taratibu, ubaki mstatili mtupu wenye namba pembeni, kwa sababu ndio utakaomfaa mwanafunzi sekondari atakapofungua mabano ya (x + 2)(x + 4): anayeandika x² + 8 ameacha nyeupe sehemu zilezile mbili, yaani 4x na 2x.