Je, Wajua Kwa Nini Nyimbo za Boney M. Hunasa Upesi na Hazitoki Akilini?

Mwezi Julai mwaka 1978, kundi la Boney M. la Ujerumani Magharibi lilitoa albamu yake ya tatu, Nightflight to Venus, yaani safari ya usiku kwenda sayari ya Zuhura. Wimbo wa kwanza unafunguliwa kwa ngoma nzito, kisha sauti iliyopitishwa kwenye mtambo hadi ikawa kama ya roboti inawakaribisha abiria ndani ya chombo cha anga na kuhesabu kurudi nyuma mpaka chombo kiruke. Msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba sasa ataletewa muziki wa karne ijayo, lakini anacholetewa ni nyimbo kuukuu. Kati ya nyimbo kumi za albamu hiyo, angalau tano zilikuwa zimekwisha kuimbwa na watu wengine: Rivers of Babylon ulitoka Jamaika, King of the Road ulikuwa wa Mmarekani Roger Miller, Heart of Gold wa Mkanada Neil Young, Painter Man wa kundi la Uingereza lililoitwa The Creation, na Brown Girl in the Ring ulikuwa wimbo wa mchezo wa watoto wa Karibiani ambao hakuna awezaye kusema kwa hakika ulitungwa na nani.

Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza Ujerumani na Uingereza, ingawa waandishi wengi wa muziki wa wakati ule waliiona kuwa ni mchezo wa kitoto. Karibu nusu karne baadaye nyimbo zake bado hupigwa harusini na katika kumbi za starehe, na mtu aliyezisikia asubuhi hujikuta akizivumisha jioni bila kukusudia. Kwa maoni yangu, jibu la kwa nini iko hivyo limo katika orodha hiyo ya nyimbo za kuazima. Mtayarishaji wa kundi hilo hakutegemea sana kubuni mahadhi mapya. Alitafuta mahadhi ambayo tayari yalikuwa yamepita katika vinywa vya watu wengi na kuthibitika kuwa yanashikika, akayaweka juu ya mdundo mmoja usiobadilika, kisha akayapunguzia kila kitu ambacho kingeweza kumsumbua msikilizaji.

Mtayarishaji huyo ni Frank Farian, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Franz Reuther. Alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Kirn na kufariki mwaka 2024. Alianza kama mwimbaji, na hata mafanikio yake makubwa akiwa mwimbaji, wimbo Rocky uliotamba Ujerumani mwaka 1976, ulikuwa tafsiri ya wimbo wa Kimarekani. Mwaka 1975 alitoa santuri ya wimbo wa disko ambayo sauti zote, nene na nyembamba, zilikuwa zake mwenyewe, akaipa jina la msanii asiyekuwepo: Boney M. Jina Boney alilitoa kwenye tamthilia ya upelelezi ya Australia iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Wimbo huo ulipopendwa Uholanzi na Ubelgiji, vituo vya televisheni vikataka kuwaona wasanii wenyewe, na hapo ndipo alipowatafuta watu wanne wa kusimama jukwaani. Liz Mitchell na Marcia Barrett walikuwa wazaliwa wa Jamaika, Maizie Williams alitoka kisiwa cha Montserrat, na Bobby Farrell alitoka Aruba. Studioni waliimba Mitchell na Barrett, huku ile sauti nene ya kiume ikiwa ni ya Farian mwenyewe, na Farrell akicheza na kufungua mdomo tu jukwaani. Farian alirudia mbinu hiyo zaidi ya miaka kumi baadaye kwa kundi la Milli Vanilli, na safari hiyo ilimletea fedheha ya dunia nzima, kwani mwaka 1990 kundi hilo lilinyang'anywa tuzo ya Grammy.

Sehemu iliyo rahisi kueleza ni mdundo. Katika miaka ya katikati ya 1970, studio za Munich zilikuwa zimeunda aina yake ya disko, ambamo ngoma kubwa ya mguu hupigwa sawasawa katika kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja, na besi hutembea nayo. Muziki wa namna hiyo haumdai mchezaji ujuzi wowote. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hupiga takriban hatua mbili kwa sekunde, yaani kama 120 kwa dakika, na nyimbo nyingi za disko zimo karibu na kasi hiyohiyo, kwa hiyo mwili hauna jambo jipya la kujifunza. Mpiga ngoma Mwingereza Keith Forsey, aliyepiga katika rekodi nyingi za Munich za wakati ule, alikuwa mmoja wa waliompatia Farian mdundo huo.

Mdundo peke yake, hata hivyo, haukai akilini. Kinachokaa ni mahadhi, na kuhusu hilo wataalamu wa saikolojia wana la kusema. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kupenda zaidi kitu walichokwisha kukutana nacho kuliko kipya kabisa. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Kelly Jakubowski, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa nyimbo ambazo watu wapatao 3,000 walisema huwarudia akilini bila kualikwa. Walikuta kwamba nyimbo hizo huwa na kasi kubwa kidogo kuliko nyingine, kwamba umbo la mahadhi yake huwa la kawaida, kwa mfano sauti kupanda mwanzoni kisha kushuka kama ilivyo katika nyimbo nyingi za watoto, na kwamba ndani ya ukawaida huo huwamo kitu kimoja kisichotarajiwa, kama vile mruko wa ghafla wa sauti au marudio kupita kiasi. Farian hakuwa na utafiti wowote wa kumwongoza, lakini alikuwa na njia ya mkato: wimbo wa kienyeji au wa kitoto umekwisha kuchujwa na vizazi, kwa sababu kila sehemu iliyokuwa ngumu kukumbukwa ilikwisha kusahaulika zamani.

Mfano ulio wazi kabisa ni Rivers of Babylon. Wimbo huu ulitungwa na Brent Dowe na Trevor McNaughton wa kundi la The Melodians, na ulirekodiwa Jamaika mwaka 1970 kwa mdundo wa polepole wa Kirastafari. Maneno yake mengi ni ya Zaburi ya 137, ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Kwa Warasta, Babeli ilikuwa dola lililowaonea na Sayuni ilikuwa Afrika, na ndiyo maana The Melodians walipofika kwenye maneno ya wimbo wa Bwana waliimba wimbo wa Mfalme Alfa, wakimaanisha Haile Selassie. Farian aliyarudisha maneno ya Biblia, akaliondoa jina la Selassie, akatanguliza uvumaji wa sauti za kwaya usio na neno lolote, kisha akaweka chini yake ngoma ya disko iliyotulia. Kimaadili mtu anaweza kulalamika, na mimi ni mmoja wa wanaolalamika, kwamba kilio cha watu walioonewa kiligeuzwa kuwa wimbo wa kupigia makofi, tena jina la Farian likaongezwa katika orodha ya watunzi. Kiufundi, hata hivyo, alijua alichokuwa akifanya. Zaburi hiyo ilikuwa imekwisha kuimbwa na kusomwa makanisani kwa karne nyingi, na uvumaji ule wa mwanzo humruhusu hata asiyejua neno la Kiingereza kuingia katika wimbo kabla haujaanza.

Nchini Uingereza wimbo huo ulikaa nafasi ya kwanza kwa wiki tano. Uliposhuka hadi nafasi ya ishirini, watangazaji wa redio waliigeuza santuri na kuanza kupiga upande wa pili, uliokuwa na Brown Girl in the Ring, na santuri ileile ikapanda tena hadi nafasi ya pili, na mwisho wake iliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili katika nchi hiyo moja. Wimbo wa upande wa pili ni mchezo wa duara: watoto hushikana mikono, mmoja huingia katikati, wenzake wakamwimbia aonyeshe mwendo wake. Liz Mitchell, mzaliwa wa Clarendon, Jamaika, aliujua tangu zamani, na hilo linasikika katika sauti yake, kwa maana anauimba bila kuusukuma. Kila mstari unarudiwa, na unafungwa kwa silabi za tralala ambazo mtoto wa nchi yoyote anaweza kuzitoa. Sioni ajabu kwamba wimbo uliotungwa ili watoto wadogo waukariri mara moja uliwashika watu wazima wa bara zima.

Suala la lugha lina uzito kuliko linavyopewa. Farian alikuwa Mjerumani aliyetengeneza nyimbo za Kiingereza kwa ajili ya Waholanzi, Wahispania, Wapoland na Wafini, watu ambao wengi wao walikijua Kiingereza kwa kubahatisha. Kwa hiyo maneno yalipaswa kuwa mafupi, yenye vokali za wazi, na kiitikio kilipaswa kueleweka kwa sauti yake kabla ya maana yake. Katika Rasputin, wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo, silabi ya kwanza ya jina la mhusika hurudiwa kabla ya jina lenyewe, na kila anayesikiliza hulijua jina hilo baada ya kiitikio cha kwanza hata kama hajawahi kumsikia mtu huyo wa Urusi.

Wimbo huohuo ndio unaoonyesha vizuri zaidi namna mahadhi ya kale yanavyosafiri. Haukuandikwa kuwa wimbo wa kuazima, lakini wasikilizaji wengi wamegundua kwamba mahadhi ya beti zake yanafanana mno na Üsküdar'a Gider İken, wimbo wa kienyeji wa Kituruki ambao pia huimbwa kwa Kiarabu, Kigiriki na lugha za Balkani, kiasi kwamba mwaka 2003 mwongozaji filamu wa Bulgaria, Adela Peeva, alitengeneza filamu nzima kuhusu mataifa yanayogombania asili yake, kila moja likiapa kwamba wimbo ni wake. Masikio ya watu wa Mediterania yalikuwa yameandaliwa muda mrefu kabla ya disko kuzaliwa. Boney M. walipotumbuiza Moscow mwezi Desemba mwaka 1978, Rasputin haukuruhusiwa kuimbwa jukwaani, lakini haikuzuia Warusi kuupenda. Kwa sadfa ya kushangaza, Bobby Farrell alifariki mjini St Petersburg tarehe 30 Desemba 2010, mji uleule na tarehe ileile ambayo Rasputin aliuawa mwaka 1916. Mwaka 2021 DJ wa Uingereza, Majestic, aliurekebisha wimbo huo kwa kuutilia nguvu mdundo, na vijana wasiokuwa wamezaliwa wakati wa santuri wakaucheza katika TikTok.

Mbinu ya Farian haikufaulu kila mara. Heart of Gold, wimbo wa Neil Young ambao nguvu yake yote imo katika upweke wa gitaa na harmonika, hapa unasikika umevaa nguo za mtu mwingine. Painter Man na King of the Road husikilizwa na kupita. Tofauti, nadhani, ni kwamba nyimbo hizo tatu ni za mtu mmoja anayesimulia mambo yake, ilhali zile zilizodumu zilikuwa tangu mwanzo ni za kuimbwa na wengi kwa pamoja, iwe kanisani, kwenye duara la watoto au katika sherehe. Ndivyo ilivyo pia kwa wimbo wao wa Krismasi wa mwaka huohuo, Mary's Boy Child, uliowahi kuimbwa na Harry Belafonte katika miaka ya 1950, ambao kila Desemba husikika madukani Nairobi na Dar es Salaam.

Mwaka 1983 Farian alifika hadi kwetu. Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kupendwa katika hoteli za kitalii za pwani ya Kenya, ulirekodiwa upya na Boney M. kwa jina la Jambo – Hakuna Matata. Haukukaribia hata kidogo mafanikio ya mwaka 1978. Zama za disko zilikuwa zimepita, lakini kwa sikio langu kulikuwa na sababu nyingine: Them Mushrooms walikuwa wameshaifanya kazi yote ambayo Farian alizoea kuwafanyia wengine. Walichukua maneno ya salamu ambayo kila mtu wa pwani huyatamka kila siku, wakayafupisha, wakayarudia, na kuyapa mahadhi ambayo mgeni aliyeshuka ndege jana angeweza kuyaimba leo, hivyo hakikubaki cha kuongezwa isipokuwa ngoma.